Kisu cha Fundi Springi na kisu cha Kijapani: nilivipima Kibirizi, na yaliyonikuta

Wakuu, amani kwenu nyote, mlioko kazini na mnaomficha bosi simu.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu kama visu vya wahunzi wetu vinaweza kushindana na vya kutoka nje. Majibu yakawa yale yale. Wengine wakasema vya kwetu ni vyuma chakavu, wengine wakasema vya nje ni mapambo ya kabati. Nikaandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Mwisho nimeona nifungue uzi, maana jibu langu lina mtu ndani yake.

Nitasema kweli. Palipo na aibu yangu nitapaacha palivyo.

Kwanza mnijue. Shule niliishia darasa la sita. Ufundi wangu ni mmoja tu, kunoa visu. Nimenoa Mwanza, Kahama, Dar, Mbeya na miji mingine ambayo nilipita tu. Bucha, hoteli, mama lishe, hata shehe mmoja aliyekuwa akichinja kuku wa sokoni. Sifukuzwi mahali. Ila nikikaa sana, miguu inaanza kuwasha. Nikiona lori limeandikwa ubavuni jina la mji nisiofika, siku hiyo chakula hakipiti vizuri.

Mali yangu kubwa ni jiwe la kunolea. Ni jiwe la maji, zito kama tofali dogo, upande mmoja unakwaruza na upande wa pili ni laini kama sabuni. Hilo silikopeshi.

Sasa habari ya visu.

Vile vya bei rahisi vinavyojaa kwenye meza za sokoni, vyembamba, mpini wa plastiki, tuviweke pembeni. Vinakata nyanya wiki ya kwanza. Tusivihesabu kama vya nje, tutavionea vya nje halisi.

Vya nje halisi nimevishika vingi. Bora kuliko vyote ni kimoja cha Kijapani nilichopewa na mpishi wa hoteli moja Dar alipokuwa anaacha kazi. Nilikuwa nimemnolea miaka miwili. Akaniambia, "Chukua hiki, wewe ndiye uliyekuwa unakijua." Chuma chake ni kigumu sana. Ukikinoa vizuri kinapasua karatasi kwa uzito wake wenyewe, na makali yanakaa. Hakishiki kutu.

Vya kwetu, mimi najua vya kwetu Kigoma. Pale Gungu kuna mhunzi tunayemwita Fundi Springi, kwa sababu kila kitu anakitoa kwenye springi za malori. Jembe springi, shoka springi, kisu springi. Ana sumaku ya spika kuukuu ameining'iniza kwa waya. Anapasha chuma kwenye mkaa, anakigusisha sumaku. Ikiacha kushika, anajua joto limefika, anakizamisha kwenye mafuta machafu ya gari. Nilimuuliza nani alimfundisha ile ya sumaku. Akasema, "Chuma chenyewe." Nilikaa kwake siku nzima nikimuuliza maswali mpaka akanipa nyundo ili ninyamaze.

Kisu chake ni cheusi, kizito, hakina uso wa kupendeza. Ukikiacha na maji kinashika kutu kabla hujamaliza kunawa. Makali yake ya asubuhi, jioni hayapo.

Kwa hiyo mkiniuliza kwenye karatasi, cha Kijapani kimeshinda. Nilikuwa naamini hivyo hadi mwaka huu.

Sasa mtu.

Anaitwa Mwavita, ni wa Ujiji. Kazi yake ni kuparua samaki pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhushia samaki. Migebuka, kuhe, na sangala wakubwa wanaponaswa. Anawapasua, anawasafisha, wengine wanaenda kwenye moshi na wengine kwenye barafu. Ana mkono mwepesi kuliko mtu yeyote niliyemwona na kisu, na mimi nimewaona wapishi wenye kofia ndefu.

Miaka minne iliyopita nilipeleka posa kwao. Ikapokelewa. Nikamwambia naenda Mwanza wiki mbili kutafuta vitu vya harusi.

Nilirudi mwaka huu.

Hakuna mtu aliyenishika huko. Sikufungwa, sikuugua. Baada ya Mwanza kulikuwa na Kahama, baada ya Kahama mtu akaniambia habari za Dar. Mwanzoni nilikuwa napiga simu. Halafu nikawa naona aibu kupiga, na kila mwezi aibu inakuwa kubwa kuliko ya mwezi uliopita. Lakini kila mahali nilipokuwa nanoa, nikimaliza kisu nilikuwa nawaza, hiki angekishikaje Mwavita.

Nilipopewa kile cha Kijapani sikukitumia hata siku moja. Nilijua ni cha nani. Nikasema nitampelekea, na nikimpa nitamwomba anirudishe.

Nikashuka Kigoma asubuhi, nikaenda moja kwa moja mwaloni. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake pale pale, beseni mbele yake. Nilisimama hatua kama tano. Hakuinua kichwa.

Akasema, "Wiki mbili zimeisha?"

Jirani yake wa kazi ni Mama Kashindi, mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mtumbwi urudi. Yeye ndiye aliyecheka kwanza, akanisalimu kwa Kiha. "Mwakeye, bwana Mwanza! Karibu. Au umepotea njia, ulikuwa unaenda Mwanza?"

Kuanzia siku ile pale mwaloni jina langu likawa Mwanza. Hadi wachukuzi wa barafu wananiita hivyo.

Nikatoa kisu, nikamnyooshea. Hakunyoosha mkono. Nilikuwa nimesahau. Kwao kisu hakipokelewi mkono kwa mkono, wanasema kinaleta ugomvi kati ya wawili. Nikakiweka chini kwenye kipande cha gunia. Akanawa, akafuta mikono, ndipo akakiokota.

Akakitazama muda mrefu. Akachukua mgebuka, akampasua. Kisu kilipita kama hakuna kitu ndani ya yule samaki. Akachukua wa pili, na wa tatu.

"Ni kizuri," akasema. Basi. Akaendelea na kazi.

Nikamwambia asikitumie kuvunja mifupa, ni kigumu na kigumu humeguka. Akaitikia kwa kichwa. Kosa langu ni kwamba nilimwambia yeye peke yake.

Wakuu mliowahi kufika mialo ya kwetu mnajua kichwa cha sangala kinavyopasuliwa. Kisu kinawekwa juu ya fuvu, halafu kinagongwa mgongoni kwa kipande cha gogo. Visu vya Fundi Springi vinagongwa hivyo kila siku, migongo yake imepondeka kama kichwa cha patasi, na vinaendelea na kazi.

Mchana Mwavita alienda kusali. Mama Kashindi akaletewa sangala. Akaona kisu kipya kimelala. Nikasikia "ko!" ya gogo, nikageuka, nikawa nimechelewa.

Kwenye makali palikuwa na pengo la ukubwa wa punje ya mchele.

Mama Kashindi alikishika akakitazama kama mtu aliyevunja kikombe cha ugenini. "Huyu Mjapani," akasema, "kwao samaki hawana vichwa?"

Mwavita alirudi, akaliona pengo. Hakumlaumu mtu. Alikwenda kwenye jiwe kubwa lililo ukingoni mwa maji, jiwe wanalonolea wote pale, akajaribu. Kisu kikateleza tu. Jiwe la ziwa halikukwaruza hata rangi. Akajaribu tena na kukinyunyizia mchanga. Vivyo hivyo.

Akakiweka mbele yangu kwenye gunia. "Hiki kinakutaka wewe," akasema.

Ndugu zangu, kuondoa pengo la punje ya mchele kwenye chuma kile kwa mkono ni kazi ya siku mbili. Unakula makali yote hadi yashuke chini ya pengo, halafu unayajenga upya. Nilikaa siku mbili pembeni yake, ndoo ya maji katikati yetu, yeye anaparua na mimi nanoa.

Zile ndizo siku mbili bora nilizowahi kuishi. Sina namna nyingine ya kuziandika. Upepo wa ziwa unakuja, magamba yanarukia mikono yangu, Mama Kashindi anamsema kila mpita njia. Na Mwavita akawa anazungumza kidogo kidogo bila kunitazama.

Aliniambia walikuja wachumba wawili. Akawakataa.

"Usifurahi," akasema. "Niliwakataa kwa sababu zangu."

Nilimuuliza alikuwa ananifikiria nini miaka yote. Akasema mwaka wa kwanza alikuwa anahesabu magari yanayotoka Mwanza, mwaka wa pili akaacha, mwaka wa tatu akanunua kigoda kipya. Mpaka leo ninakiwaza hicho kigoda.

Siku ya pili mchana kisu kikawa tayari. Na hapa ndipo majivuno yangu yaliponimaliza. Ningeweza kukinoa makali ya kawaida ya kazi. Lakini nilitaka aone. Nikamaliza kwa upande laini, nikakisugua kwenye mkanda wa ngozi, nikakifikisha mahali ambapo hata yule mpishi wa Dar angenyamaza. Nikakiweka kwenye gunia, nikamwomba tuendelee tulipoishia.

Alinyoa kinyweleo kimoja cha mkono wake kwa kisu, akakipuliza.

"Kaa hapa hadi kiwe butu," akasema. "Kikishakuwa butu utakinoa mbele yangu. Siku hiyo ndiyo tutazungumza habari ya nyumbani."

Nikacheka. Nilidhani ni jambo la siku tatu.

Nikapanga chumba Katubuka. Asubuhi nilikuwa napanda bodaboda kwenda mwaloni, nanoa visu vya akina mama wengine, na ninakiangalia kile kimoja. Siku ya tatu kinapasua. Siku ya saba kinapasua. Mwavita alikuwa anakitumia kwa haki kabisa, hakukificha. Vichwa anapasua kwa kile chake cheusi cha Fundi Springi, matumbo yote kwa kile changu. Nilikuwa nimejinolea kifungo changu mwenyewe.

Na pembeni nikawa naona jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani.

Kila asubuhi, kabla samaki hawajafika, alikuwa anachukua kile kisu cheusi na kwenda nacho kwenye jiwe la ukingoni. Mara tatu upande huu, mara tatu upande ule. Anakijaribu kwenye ukucha. Jioni anakiosha, anakikausha kwa kanga, halafu anachovya kidole kwenye kichupa cha mawese na kukipaka chote, taratibu, mpaka kinang'aa wekundu. Kisha anakifunga kwenye kitambaa. Ameishi nacho hivyo miaka tisa. Kimekonda kwa kunolewa, kimebaki kama jani la muhogo.

Kile cha Kijapani alikuwa anakisuuza na kukiweka. Hakikuhitaji kitu kutoka kwake.

Nilikaa nikitazama vidole vyake na yale mawese, nikakionea wivu kipande cha springi ya lori. Chekeni tu.

Siku ya kumi na moja mbalamwezi ikafika. Kwa wasiojua, ziwani kwetu dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukijaa taa hazina kazi, wavuvi wanakaa nchi kavu siku kadhaa, wanashona nyavu. Mwaloni unakuwa kimya. Hakuna samaki, hakuna kuparua.

Kisu kikalala. Na kisu kilicholala hakiishi makali.

Zile siku zilinishinda. Nilizoea kungoja nikiwa na kazi mikononi, kungoja mikono mitupu sikujua. Nilitembea Ujiji hadi Kibirizi na kurudi. Nilikwenda kwa Fundi Springi, nikamuuliza maswali mpaka akaishiwa majibu. Nilikutana na Mama Kashindi sokoni, akanitazama usoni, akajua.

"Mwanza, we mjinga kweli," akaniambia. "Chukua hicho kisu, kipige kwenye jiwe mara mbili, mwambie kimeisha. Nani atajua?"

Niliwaza. Siku ya kumi na saba nilikwenda kwao Ujiji. Kisu kilikuwa juu ya dirisha la jikoni na yeye yuko uani anachambua mchele. Nikakishika. Jiwe la kuzuia mlango lilikuwa pale chini. Nikakiinamisha.

Mkono ulikataa. Sijui kama ni uaminifu au ni ufundi, kwamba siwezi kuharibu makali niliyoyatengeneza. Nikakirudisha. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Alinitengea chai, na nadhani siku ile ndiyo alikaribia kuniita kwa jina langu.

Siku ya kumi na tisa asubuhi nilikuwa nimekaa kijiweni pale Gungu nangoja bodaboda. Likasimama lori. Ubavuni limeandikwa Tunduma. Dereva akashuka kununua maji, tukasalimiana, akasema hana utingo. Akasema na huko mpakani kuna bucha nyingi.

Tunduma nilikuwa sijafika.

Nilijiambia naenda na kurudi. Wiki mbili. Nilijisikia kabisa nikilisema lile neno, na bado nikapanda. Begi langu lilikuwa chumbani, tukapitia Katubuka, nikalichukua likiwa na kila kitu changu.

Na jiwe.

Naapa sikufikiri. Jiwe huwa liko ndani ya begi, begi likienda linaenda. Tulipofika Uvinza ndipo lilinigonga mgongoni gari liliporuka shimo, na hapo nikakumbuka kwamba nimeacha Kibirizi kisu ambacho hakuna jiwe jingine mkoa mzima ninalolijua litakalokinoa. Ningeweza kushuka. Lori lilisimama dakika kumi nzima pale tukinunua chumvi.

Sikushuka.

Simu sikupiga. Na yeye hakupiga.

Hapa Tunduma kazi ipo. Bucha ni nyingi kama alivyosema dereva. Kati yake nilikuta mchinjaji mmoja ana kisu cheusi cha springi, sijui kilifuliwa na nani. Akanipa nikinoe. Nilipomaliza nikamuuliza kama ana mawese. Akanishangaa, akasema pale hawatumii. Nikanunua kichupa kwa mama mmoja anayetoa mzigo Kigoma, nikakipaka kile kisu cha watu kwa kidole. Harufu ilipopanda ilibidi nitoke nje nisimame kidogo.

Juzi saa nne asubuhi ikaingia voice note. Sekunde chache tu. Nyuma yake nasikia mwaloni, mashine ya mtumbwi, Mama Kashindi anamfokea mtu. Halafu sauti yake:

"Kisu kimeisha makali leo. Jiwe uliondoka nalo."

Basi.

Nimeisikiliza mara nyingi mno. Hakusema rudi. Hakusema usirudi. Nikahesabu kwa vidole. Giza lilirudi, samaki wakarudi, na kisu kikaisha siku ya tano tangu niondoke. Siku tano wakuu.

Leo asubuhi nikaenda ofisi ya mabasi. Jiwe nimelifunga kwenye gazeti na kamba, juu nimeandika jina lake na "Kibirizi mwaloni". Nilikuwa nimeamua kulituma kama kifurushi. Nilijiambia ndiyo adabu, alichotaja ni jiwe, apewe jiwe. Nitamtumia na maelezo ya kunoa, ni mtu wa mkono mwepesi, atajifunza kwa siku moja. Baada ya hapo hanihitaji kwa lolote, wala kile kisu hakinihitaji.

Kijana wa dirishani akalipima mkononi, akasema zito. Akauliza, "Huu ni mzigo, au unasafiri nao mwenyewe?"

Nikalisoma jina lake juu ya gazeti. Foleni nyuma ikaanza kunung'unika. Mama mmoja akasema, "Baba, si swali la mtihani hilo."

Nikamwambia nasafiri nao.

Kwa hiyo naandika haya nikiwa kwenye benchi la ofisi, tiketi iko mfukoni, jiwe liko mapajani. Kesho Sumbawanga, halafu Mpanda, halafu nyumbani. Sijamjulisha. Nikimwambia nakuja nitakuwa nimetoa ahadi nyingine, na za kwangu anazijua. Nitakwenda niliweke kwenye gunia mbele yake, nimwachie jiwe hata kama hataki lolote jingine kwangu. Hilo lazima liwe lake kwanza.

Mliouliza ubora, jibu langu ni hili. Kwa chuma, cha Kijapani kimekipita cha Fundi Springi kwa mbali, mwenye kubisha aje na kisu chake. Lakini kabla hujanunua kisu kigumu, tazama kama mahali unapokipeleka kuna jiwe lake na mtu wake. Kile cheusi kinaisha makali kila jioni, na kila asubuhi kuna anayekirudia. Ndiyo maana kimefika miaka tisa. Mimi nilikuwa nadhani kuisha makali ndio udhaifu wake.

Karibuni mchangie. Wa Mpanda, nisaidieni hali ya barabara ya kuja Uvinza baada ya mvua hizi. Wa visu, tubishane, nitasoma njiani mtandao ukishika.

Na nyinyi mliokaa mahali pamoja miaka mingi, na mtu mmoja, nina swali moja na silitanii. Mimi naijua hadi siku ya kumi na tisa. Asubuhi ya ishirini huwa mnaianzaje?